Mwandishi Wetu, Mumbai

Barua ya kwanza ya kweli kuletwa kwenye jarida letu la filamu ilikuwa imeandikwa kwa Mumbai. Ilitoka kijiji cha Ole, ikasafiri ndani ya mkoba wa skuli, ikanifikia mimi katikati ya kipindi cha Jiografia, kwa sababu Mumbai ni mimi. Nakaa Madungu, nasoma Kidato cha Tatu, na mbali kabisa nilikowahi kufika ni Unguja, nako nilitapika njia nzima.

Aliyeiandika ni mwanamke ambaye mumewe alikwenda Maskat miaka tisa nyuma. Sasa amerudi, na Ijumaa ya wiki ile angekuja mlangoni kutaka jibu: anapokewa au hapokewi. Wazee walishampa ushauri wao. Yeye alitaka kwanza kujua ile filamu ya ukurasa wa nane iliishaje.

Filamu ile haipo. Niliitunga mimi, jikoni kwetu, nikiwa nimeambiwa nitazame chungu kisifurike.

Ili nisionekane mhuni peke yangu, ngoja nieleze jarida lenyewe lilivyotengenezwa, maana wahuni tulikuwa wanne na mmoja wetu alikuwa mwalimu.

Aliyelianzisha ni mvulana wa Kidato cha Nne, ambaye tangu siku ile hakutaka tena kuitwa kwa jina lake. Alikuwa Mhariri Mkuu. Mjomba wake alimletea kutoka Mombasa jarida kuukuu la filamu za Kihindi, halina jalada wala kurasa za mwisho, na yeye alilisoma kama wenzake wanavyosoma mitihani iliyopita. Humo aligundua kwamba jarida la filamu lina ukurasa mmoja mtukufu kuliko yote, nao si wenye picha za waigizaji. Ni ule wenye orodha ya wafanyakazi. Mchapishaji, Mhariri Mkuu, Mhariri Msaidizi, Msanifu Mkuu, Mkuu wa Picha, waandishi wa miji mikubwa. Akainakili orodha nzima. Vyeo kumi na vinne. Watu watatu.

Tukagawana. Yeye alichukua karibu kila cheo chenye neno "mkuu". Rafiki yangu wa dawati la nyuma, msichana wa Ole ambaye akichora ramani ya Afrika unatamani kuhamia, akawa Msanifu, Mpiga Picha na Mchapaji. Mimi nikapewa dunia iliyobaki: Mwandishi wa Hollywood, Mwandishi wa Seoul, Mwandishi wa Mumbai, na Mhariri wa Barua za Wasomaji. Kazi hii ya mwisho, kwa kuwa wasomaji hatukuwa nao bado, ilikuwa ni kujiandikia. Toleo la kwanza nilijiandikia barua saba. Moja ilinitukana. Mhariri aliipenda hiyo kuliko zote, akasema inaonesha jarida lina uhuru.

"Lakini sinema kisiwani hatuna," nilimwambia kwenye kikao cha kwanza. "Tutahakiki nini?"

"Mwandishi wa mpira anacheza mpira?"

"Anautazama lakini, yakhe!"

"Na weye tazama. Flashi si unayo?"

Flashi ninayo. Kwetu filamu haiendewi, inarushwa. Unakwenda dukani na flashi yako, muuzaji anakurushia anachotaka yeye, na aghalabu ni ya Kikorea iliyotafsiriwa na mtu wa Dar es Salaam ambaye haridhiki na kutafsiri. Anashauri pia. "Usimwamini huyu, dada, huyu mwizi!" anampigia kelele binti wa watu ambaye hamsikii. Mapitio yangu yote ya filamu za Kikorea, nikisema ukweli wangu, yalikuwa mapitio ya huyo bwana.

Usanifu ulianza kwa kukunja karatasi. Msanifu alichukua karatasi nne tupu, akazikunja katikati zote pamoja, akaziandika namba kwa penseli toka moja mpaka kumi na sita, halafu akazifungua. Ndipo nilipoona maajabu: ukurasa wa kwanza umelala ubavuni mwa ule wa kumi na sita, wa pili na wa kumi na tano, kama ndugu wasiosemezana waliolazwa kitanda kimoja. Kile kijarida kitupu tulikiita "kitoto". Kila kitu kilipimwa kwa kitoto. Maandishi tuliyachapa kwenye kompyuta ya skuli, safu mbili kila ukurasa, tukayakata kwa mkasi, tukayabandika kwa gundi. Vichwa vya habari alivichora mwenyewe kwa rula. Picha tulizitoa mtandaoni, zikachapwa steshenari ya mjini, na zilikuwa nzuri sana kabla hazijafika kwa Ustadh.

Ustadh ndiye mlezi wa klabu yetu. Anasomesha Dini, na alikubali ulezi kwa sababu walimu wengine wote waliukimbia. Sharti lake lilikuwa moja: kila ukurasa upite mikononi mwake kabla ya kwenda kwenye fotokopi, na mikononi mwake mlikuwa na makapeni nyeusi, ile nene ya kuandikia mabango. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali tungejua la kufanya. Alikuwa na huruma.

"Huyu binti anaona baridi," alisema juu ya mwigizaji wa ukurasa wa tatu, akamvika mtandio, taratibu, mpaka mabegani. Wa ukurasa wa tano akamvika. Wa sita akamvika, akatazama, akamwongezea mikono ya gauni. Kwenye ukurasa wa saba palikuwa na jambazi wa Hong Kong mwenye nywele ndefu, mwanamume mzima na ndevu zake. Naye alitoka na mtandio.

"Ustadh, huyo mwanamume!"

Akamkaribia kwa miwani. "Basi atakuwa amejifunza," akasema, akafungua ukurasa mwingine.

Jalada letu, baada ya kupita kwa Ustadh na kisha kwenye mashine ya fotokopi, lilikuwa macho mawili, weusi mwingi, na bastola. Bastola haikufutwa. Haikuwa na nywele.

Tatizo lilikuja katikati. Kurasa za nane na tisa, zile zinazokaa juu ya pini, Mhariri alizihifadhi kwa ajili yake. Makala yake ilikuwa inaitwa "Historia ya Filamu Ulimwenguni". Baada ya wiki tatu alikuwa ameshamaliza kichwa cha habari. Siku moja kabla ya kupeleka kazi kwa Ustadh akanijia kwenye foleni ya maandazi.

"Mumbai, nataka kurasa mbili. Kesho asubuhi."

"Toa karatasi moja, zibaki kumi na mbili."

"Tukitoa karatasi zinaondoka kurasa nne, mbili zishajaa! Unataka jarida liende na kurasa nyeupe? Watu watasema nini?"

Watu hawakuwa wakijua hata kama tuna jarida, lakini nilikubali. Jioni ile sikuwa na filamu mpya ya Kihindi, flashi ilikuwa kwa kaka yangu, na mama aliniweka jikoni kutazama chungu. Nikafungua daftari juu ya magoti, nikaandika: *Kutoka kwa mwandishi wetu, Mumbai.* Baada ya maneno hayo kila kitu ni rahisi. Mwanamke anakaa kijijini. Mumewe anakwenda nchi ya mbali kutafuta maisha. Mwanzo analeta salamu, kisha salamu zinakuwa haba, kisha hakuna. Mwanamke anajifunza kazi zote za mumewe, mpaka kupanda paa kuziba pavujapo. Nikaweka mvua, kwa sababu filamu za Kihindi zina mvua. Miaka inapita. Siku moja mume anarudi na sanduku, anagonga. *Yule mwanamke akafungua mlango. Akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. Akamwambia:*

Halafu ikafuata mistari mitatu ya mwisho, niliyoiandika huku nakoroga. Wenzangu niliwaambia filamu hiyo nimeiona kwa binamu yangu. Hakuna aliyeuliza binamu yupi.

Ustadh aliisoma yote, mara mbili. Kwenye mstari wa tatu kutoka mwisho wa ukurasa akasita, kwenye wa mwisho akakuta neno "wakakumbatiana". Makapeni ikashuka. Na kwa vile kalamu ile ni nene, mistari yote mitatu ikaenda nayo.

"Ustadh, neno moja tu lilikuwa baya!"

"Binti, kalamu hii haijui neno moja."

Kwa hiyo hadithi yetu ya katikati ilimalizika kwa nukta mbili na kipande cheusi kama mlango uliofungwa. Tulitoa nakala sitini. Stepla haifiki katikati ya karatasi, basi Msanifu aliifungua ikawa ndefu, akaweka kandambili chini, akapiga pini mpaka ndani ya soli, akaivuta, akaikunja kwa ukucha. Nakala sitini, kandambili moja. Nyingine tulizigawa madarasani, nyingine zikakaa steshenari karibu na madaftari, na tano Msanifu alikwenda nazo kwao Ole.

Jumatatu iliyofuata akanipa barua ile kwa chini ya dawati.

"Shangazi yangu," akaninong'oneza. "Kaniambia niitie posta, iende Mumbai. Nilivyomwangalia uso wake sikuweza kumwambia Mumbai anakaa mbele yangu na ana chunusi."

Ilikuwa karatasi ya daftari, mwandiko wa kulala. Naiweka hapa kama ilivyo, kwa ruhusa yake mwenyewe:

*Kwa mwandishi uliye Mumbai. Assalaam aleikum. Nimesoma sinema ya mwanamke wa mlangoni. Pale mwisho pameingia wino. Nimepaweka kwenye taa, nimepaweka juani, sioni. Nakuomba unambie alimjibu nini mumewe. Usinambie nisubiri gazeti jengine. Wangu alikwenda Maskat miaka tisa, kaoa huko, kaacha huko, karudi, yuko Wete kwa kaka yake. Anakuja kwangu Ijumaa baada ya sala. Wazee wote wanasema mfungulie. Wasaalam.*

Nilicheka. Nasema ukweli, kitu cha kwanza nilicheka, kwa sababu ya posta. Halafu nikaisoma tena, na pale penye "sioni" nikaikunja, nikaificha ndani ya kitabu cha Jiografia.

Jumanne, wakati wa mapumziko, tulikutana nyuma ya chumba cha kompyuta, Ustadh naye akiwepo, nikawaambia yote, hata la chungu cha mama. Filamu haipo. Binamu hayupo. Mvua haipo.

Mhariri alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Hatusemi," akasema. "Jarida likikiri uwongo limekufa. Wasomaji wataondoka."

"Wasomaji wapi?" Msanifu akamgeukia. "Msomaji ni mmoja! Ni shangazi yangu!"

"Basi huyo mmoja ndiye ataondoka!"

Ustadh alikuwa ameufungua ukurasa wa tisa, anaupapasa ule wino wake kwa kidole.

"Haiwezekani haipo," akasema. "Nimeifuta mwenyewe."

"Ulifuta maneno yangu, Ustadh."

"Nimekaa na sinema hii siku nzima, binti. Nilimwonea huruma yule mwanamke. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama watoto, kuna sinema moja ya Kihindi, ina mafunzo." Akavua miwani. "Umenifanya nimsimulie mke wangu uwongo."

Mhariri akaleta wazo. Tumwandikie kwamba mwanamke alimpokea mumewe. Suluhu ni jambo jema, wazee watafurahi, jarida litapata sifa. Akamtazama Ustadh, akijua Ustadh hapendi ndoa zivunjike. Na kweli Ustadh alifikiri kidogo, nikaona jambo linamvuta.

"Hapana," akasema mwishowe. "Akimfungulia, amfungulie kwa akili yake. Siyo kwa chungu cha mama yako." Akaninyooshea kidole. "Kesho mtakwenda Ole, nyinyi wawili. Umwambie. Na akiuliza kuhusu wino, mwambie aliyefuta ni mimi, na sikufuta jibu. Nilifuta kukumbatiana."

Jumatano baada ya masomo tukaenda. Njia nzima Msanifu hakunisemesha ila mara moja: "Usije ukamchekesha. Ukianza kuona haya unafanya mzaha, nakujua."

Shangazi yake tulimkuta uani, amekaa juu ya jamvi anachambua karafuu, vikonyo upande huu, karafuu upande ule. Nilitazamia bibi mwenye huzuni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, ana baiskeli ya kiume imeegemea ukutani. Mumewe hakumwachia mtoto, alimwachia baiskeli ile, na akajifunza kuipanda mwenyewe akiwa na miaka thelathini na ushei.

"Shikamoo, shangazi."

"Marhaba mwanangu. Wa kwa nani weye?"

Nikamwambia wa kwa nani. Halafu nikamwambia mimi ndiye Mumbai.

Akaacha karafuu. Akanitazama kuanzia viatu mpaka mtandio.

"Mbona mdogo?"

"Ndivyo nilivyo."

"Barua umeipata?"

"Nimeipata. Shangazi, ile sinema haipo. Niliitunga. Kulikuwa na kurasa mbili hazina kitu, nikazijaza. Na ule wino ni wa Ustadh wetu, aliyefuta ni yeye."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa machozi, na kwa ufagio. Yeye akatikisa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa karafuu zimeoza na amezinusa mwenyewe, nzima.

"Wazee wamekufikieni, siyo? Wamekwambieni mnifiche."

"Wallahi haipo!"

"Kama haipo, Ustadh wenu kafuta nini?"

Nikamtazama Msanifu. Msanifu akatazama kuku. Katika masomo yangu yote ya uandishi wa habari, ambayo ni jarida moja lisilo na jalada, hakuna mahali panapofundisha la kujibu hapo. Kitu kikifutwa, watu wanaamini kilikuwepo. Ningeiandika yote wazi, pamoja na kukumbatiana, asingeitazama mara mbili. Ustadh kwa makapeni yake alinifanya mwandishi mkubwa.

"Ilikuwa mistari mitatu," nikasema.

"Haya. Isome."

"Sinayo. Naikumbuka tu."

"Ikumbuke, basi."

Nikaikumbuka. "Akamwambia: Kaa hapo barazani, napika. Akarudi jikoni, mume akakaa akangoja. Chakula kilipoiva akatoka, wakakumbatiana, wimbo ukaanza."

Nilisubiri acheke, maana hata mimi niliposikia kwa mdomo wangu niliona aibu. Ndicho nilichoandika kwa kuwa ndicho nilichokuwa nafanya: napika, na sitaki kusumbuliwa. Lakini shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inakwenda polepole, anairudia.

"Napika," akasema. "Alikuwa anapika nini?"

"Sikuandika."

"Si ulimwona?"

"Shangazi, nimekwambia—"

"Alipika nini, weye!"

"Wali," nikasema.

"Wali upesi mno. Mtu hata hajatulia umeshaiva." Akachukua karafuu mbili, akazichambua, akazitupa kila moja mahali pake. "Maharage je? Yale makavu."

"Maharage yanachukua muda," Msanifu akasema kwa tahadhari.

"Eeh." Akanigeukia. "Hayo ya kukumbatiana Ustadh kafanya vyema kuyafuta. Ijumaa uje, Mumbai. Utanichochea moto. Mie nitakuwa sina nafasi."

Ijumaa tulifika kabla watu hawajatoka msikitini. Maharage yalikuwa kwenye sufuria, ndiyo kwanza yanatiwa maji.

"Shangazi, hukuyaroweka?" Msanifu akashtuka.

"Nimesahau," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka vizuri sana.

Nikakaa kando ya mafiga. Kuni zilikuwa mbichi kidogo, moshi wote ukaona Mumbai ndiko kwao. Hatimaye tukasikia magurudumu. Mwanamume alikuwa anakokota sanduku la uwanja wa ndege juu ya mizizi na mawe, linaruka huku na huku. Tukakimbilia dirisha la chumba cha mbele, linalotazama barazani. Kanzu mpya, kofia mpya, na manukato yaliyotangulia kuingia ndani bila kubisha hodi.

"Hodi!"

Shangazi akafungua mlango. Akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia, wala hakuharakisha. Msanifu akanifinya mkono.

"Karibu," akasema. "Kaa hapo barazani. Napika."

Akafunga mlango, polepole tu, akatia na kitasa.

Mume akasimama kidogo. Halafu akafuta baraza kwa kitambaa, akakaa, akaegemeza sanduku. Nilifikiri ataondoka. Hakuondoka. Nilifikiri atagonga tena. Hakugonga. Shangazi alikuja jikoni, akafunua sufuria, akafunika, akarudi dirishani. Akasimama pembeni, mahali ambapo mtu wa nje haoni, akatazama. Mimi nilidhani anahesabu dakika. Saa ya kwanza ikapita. Kila mara akirudi jikoni namwambia yanaanza kulainika, na kila mara ananiambia ongeza maji.

Barazani mambo yalikuwa mazuri. Jirani alipita, mume akamsimulia barabara za Maskat. Mwingine akapita, akasimuliwa viyoyozi. Alitoa simu, akatazama vichekesho, akacheka mwenyewe mpaka kofia ikakaa upande. Alasiri ikafika akaenda msikitini, akarudi, akakaa palepale. Nikaanza kumpenda, nakiri. Mtu kangoja saa tatu, na njaa, hajalalamika. Nikamwambia Msanifu kwa sauti ya chini: "Huyu kashinda." Naye akasema: "Hata mie naona."

Shangazi akapakua sahani moja, maharage na muhogo. Akafungua mlango, akampelekea pale nje, akakaa mwisho mwengine wa baraza mpaka mume akamaliza. Sisi tulikuwa dirishani, hatupumui.

"Mazuri," mume akasema, akiramba kidole. "Hujasahau kupika."

"Alhamdulillahi."

"Haya, sasa niingize sanduku?"

"Nilikuwa nakutazama," shangazi akasema. "Pale dirishani. Tangu umekaa mpaka sasa hukugeuka hata mara moja ukautazama mlango."

"Si umeniambia mwenyewe ningoje?"

"Nimekwambia. Na umengoja vizuri sana, hukuchoka hata kidogo. Mtu anayetaka kuingia angechoka." Akaichukua sahani. "Mie nilichoka, miaka yote ile. Jumatatu nakwenda kwa kadhi. Na weye uje, tumalize kwa heshima, tusitukanane."

Mume akacheka, kicheko cha mtu anayengoja mwenzake acheke pia. Hakuchekewa.

"Nani kakufundisha mambo haya?"

"Nimeona kwenye sinema."

"Sinema gani?"

"Ya Kihindi," akasema. "Huijui."

Akaingia ndani. Kitasa kikalia. Baadaye tukasikia magurudumu, yanapanda na kushuka kwenye mizizi, yanakwenda mbali. Shangazi alipita katikati yetu kama hakutuona, akafika jikoni, akakaa kwenye kibao, akaiweka ile sahani miguuni.

Niliona lazima niseme kitu. Mdomo wangu ulikuwa umeshakamata mzaha mmoja mzuri sana kuhusu sanduku. Msanifu akanitazama, nikaumeza.

Sauti ya kike ikapasuka kutoka barabarani, upande wa pili wa ua: "Shoga! Mbona sanduku larudi? Hukumpokea?"

Shangazi akajipangusa uso kwa ncha ya kanga, akainua kichwa.

"Nimemlisha!" akajibu kwa nguvu. "Kala, kashiba, kaenda!"

Kisha akavuta sufuria, akatupakulia sisi wawili na yeye, sahani moja kubwa, tukanawa. Nikatia tonge la kwanza mdomoni. Yalikuwa magumu kama changarawe. Sijui yule bwana aliyalaje mpaka akayasifu. Tulitafuna, watatu, mpaka taya zikatuuma.

"Hayajaiva," shangazi akasema mwenyewe, akayarudisha yote kwenye sufuria. "Chochea, Mumbai. Tungoje."